Mchezo wa Darasa la Tano

Nchi yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu ina mawakili wengi na mimi nina nyumba moja tu. Itoshe kusema kwamba ni nchi iliyostaarabika, yenye katiba ndefu na wimbo wa taifa ambao wazee huchoka kuusimamia. Humo watu wote walikuwa sawa mbele ya sheria, wakatofautiana masikio tu.

Waliojaliwa ndewe, yaani ile nyama laini inayoning'inia chini ya sikio, waliitwa Wandewe. Wale ambao masikio yao yalishikana moja kwa moja na shavu waliitwa Wasondewe. Wandewe walikuwa na vyeo, mashamba na viti vya mbele. Wasondewe walikuwa na kazi. Mababu zao ndio waliochimba mfereji mkuu, wakajenga ikulu na kulima pamba ya watu vizazi na vizazi bila ujira, na serikali kwa kutambua mchango huo ikawapa mlango wao wenyewe katika kila jengo, ule wa nyuma, karibu na mapipa ya taka.

Huo haukuwa ubaguzi. Aliyesema ni ubaguzi alifungwa, na baada ya wachache kufungwa ikadhihirika kwamba kweli haukuwa. Ilikuwa sayansi. Kila kituo cha treni kilikuwa na karani mwenye rula, na abiria mwenye sikio la mashaka aliulizwa kwa upole habari za bibi yake. Bibi mmoja mwenye masikio ya kushikana alitosha kumpeleka mjukuu mlango wa nyuma, hata kama ndewe za mjukuu mwenyewe zingekuwa zinagusa mabega.

Ngwali alikuwa Msondewe wa kuumeni na kukeni, kwa hiyo hakuwapotezea makarani muda. Alikuwa mfagizi katika Jumba la Burudani la Bwana Sururu, ambako kila jioni taifa zima, kwa maana ya Wandewe, lilikwenda kumtazama Mzee Nyingi.

Kama hukuwahi kumwona Mzee Nyingi, pole. Alikuwa Msondewe wa jukwaani: mvivu, mwoga, mwizi wa mihogo, mzungumzaji kama mtu aliyejaza viazi mdomoni. Kila mchezo ulifika mahali ambapo bwana wake alimtuma akahesabu kuku bandani. Mzee Nyingi alitoka, akakuna kichwa, akainua vidole kimoja kimoja. "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Hapo alinyamaza, akavitazama vidole vyake kama wageni wasiotarajiwa. "Nyingi, bwana." Basi ukumbi ulivunjika mbavu. Watu walirudia neno hilo sokoni, kanisani, kwenye treni, na likawa ndilo jina lake.

Aliyemwigiza alikuwa Bwana Tamimu, Mndewe safi mwenye ndewe za kutolewa mfano. Kila jioni alizikunja, akazibandika shavuni kwa gundi ya seremala, akawa Msondewe mpaka saa nne. Magazeti yalisema hakuna mtaalamu wa Wasondewe kama yeye, na ni kweli kwamba alishawahi kumwagiza mmoja maji.

Kulikuwa hata na sheria ya michezo hiyo. Mwaka fulani, Msondewe mmoja mpiga ngoma alipewa nafasi ndogo mchezoni, akampiga Mndewe kwa mwiko kama maandishi yalivyomtaka. Polisi walipanda jukwaani wakamkamata. Watazamaji waliokuwa wamekata tiketi walikasirika kwa kukosa mwisho wa hadithi, na bunge likakutana kwa dharura. Ikapitishwa Sheria ya Burudani: lolote atendalo Msondewe juu ya jukwaa lenye kibali si tendo, ni mzaha, na halitahesabiwa kuwa limetendeka. Kumbuka kwamba bunge hilohilo lilikuwa limeshindwa miaka mingi kukutana kwa ajili ya maji ya bomba upande wa Wasondewe.

Sasa gundi ya seremala ni gundi ya seremala. Ndewe za Bwana Tamimu zilivimba, zikatunga usaha, na daktari akamwambia achague baina ya sanaa na masikio. Bwana Sururu akabaki na ukumbi uliouzwa tiketi na Mzee Nyingi hana. Hapo ndipo alipomwona Ngwali na ufagio wake, midomo ikitamka maneno ya mchezo mzima, maana alikuwa amefagia huku akiyasikia miaka saba.

"Panda," Bwana Sururu alisema. "Sema ile ya kuku."

Ngwali alisema ile ya kuku. Bwana Sururu alicheka, kisha akamzunguka akimkagua, uso ukaingia mashaka.

"Sauti nzuri. Mwendo mzuri. Lakini masikio haya, ndugu yangu, hayashawishi."

"Bwana, ndivyo nilivyozaliwa."

"Najua. Lakini watu wamezoea ya Tamimu. Wakiona haya watasema tunawadanganya."

Kwa hiyo Ngwali, ambaye masikio yake yalishikana na shavu tangu tumboni mwa mama yake, alipakwa gundi ili yaonekane yameshikana. Kesho yake gazeti lilimsifu kwa kipaji, likaongeza kwamba bado hajamfikia Bwana Tamimu kwa uhalisia. Ngwali alisoma, akalikunja gazeti, akatia mshahara mpya mfukoni. Ulikuwa mara sita ya ule wa ufagio, na nyumbani alikuwa na binti, Mize, aliyekuwa darasa la nne na aliyependa shule kuliko ubwabwa wa sikukuu. Mcheza kwao hutunzwa, Ngwali alimwambia mkewe. Riziki, mkewe, alikuwa akimbandua gundi kwa kitambaa cha mafuta ya nazi ya moto, akajibu kwamba huko si kwao.

*

Mheshimiwa Pwaguzi, Waziri wa Elimu, alikuja ukumbini siku ya Jumamosi na familia yake. Kwenye ile ya kuku alicheka mpaka kifungo cha koti kikaruka kikampata balozi. Jumatatu alisimama mbele ya baraza la mawaziri, sauti nzito.

"Waheshimiwa, mwisho wa wiki nilikuwa katika utafiti," alisema. "Nimeona kwa macho yangu Msondewe mtu mzima, mwenye afya, akijaribu kwa nguvu zote kuvuka nne. Alishindwa. Waheshimiwa, alishindwa mbele ya watoto wangu. Nikajiuliza, sisi ni serikali gani, tunaowaburura watoto wa watu hawa mpaka darasa la tano, ambako kuna vitu kama mgawanyo na sehemu? Huu ni ukatili. Nami sikuingia katika siasa ili niwe katili."

Mawaziri wawili walifuta machozi. Ukaandikwa Muswada wa Huruma ya Elimu, wa kuwapumzisha watoto wa Kisondewe masomo baada ya darasa la nne. Madarasa ya juu ya shule zao yangefungwa, na madawati yao yahamishiwe shule za Wandewe, ambazo tayari zilikuwa na madawati.

Ngwali alipata habari kwa Mwalimu Hidaya, mwalimu wa Mize, aliyemkuta nyuma ya jumba kwenye mlango wa mapipa.

"Baba Mize, umesikia?"

"Nimesikia kuna muswada."

"Unajua umetoka wapi?"

Ngwali alijikuna. Shavu lilikuwa linamwasha.

"Umetoka kwako," Mwalimu Hidaya alisema, bila hasira, kama anayesahihisha hesabu. "Kwenye wale kuku."

Ngwali alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia maisha yake yote. Alikuwa amemwigiza mjinga ili amlipie mtoto shule, na ujinga wenyewe ndio ulioifunga shule. Alikwenda kuomba nafasi mbele ya Tume.

Maana ilikuwako Tume. Nchi ile haikumdhulumu mtu bila kwanza kumsikiliza. Shahidi wa kwanza alikuwa Profesa mmoja wa chuo kikuu, aliyekuwa amemtazama Mzee Nyingi misimu mitatu mfululizo, safu ya mbele, akiandika gizani. Alionyesha kwa michoro kwamba ubongo wa Msondewe una vyumba vinne, na cha tano ni stoo. Tume ilimshukuru, ikamwita shahidi wa pili.

Ngwali aliingia kwa suti yake ya harusi, bila gundi. Alisema anaitwa Ngwali, ni Msondewe, ni baba wa Mize, na angependa kuhesabu. Akahesabu moja mpaka mia. Akarudi kinyume, mia mpaka moja. Akaomba kalamu awagawie namba yoyote watakayo.

Alipofika sita Tume ilianza kutabasamu. Alipofika ishirini mwenyekiti alikuwa ameinamia meza. Aliporudi kinyume, mjumbe mmoja mnene ilibidi atolewe nje akapate hewa.

"Siigizi, waheshimiwa," Ngwali alisema. "Ninawaomba mnisikilize. Siigizi."

Hapo ndipo walipocheka hasa. Mwenyekiti alijifuta macho, akamshika bega kwa mapenzi ya kweli.

"Hii mpya, Mzee Nyingi. Mwambie Sururu aiweke Jumamosi, nitakuja na mama watoto."

Kwenye kumbukumbu za kikao, ushahidi wake wote uliandikwa kwa neno moja, *kicheko*. Muswada ukapita bila upinzani, na Rais akausaini akiwa na huzuni, kama picha zinavyoonyesha.

*

Siku madarasa ya juu yalipofungwa, Mize, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la tano, alirudi nyumbani asubuhi, akakaa kizingitini na mkoba wake miguuni. Hakulia. Alisema tu kwamba Mwalimu alikuwa amewaahidi sehemu, sasa sehemu atafundishwa na nani. Ngwali alisikia akiwa ndani, akatamani dari limwangukie.

Riziki ndiye aliyelipata jawabu. Alikuwa amekaa mkekani na kibakuli chake cha mafuta, kichwa cha mumewe mapajani, akimbandua gundi ya jana.

"Ile sheria ya mpiga ngoma," alisema. "Inasemaje vile?"

"Lolote atendalo Msondewe jukwaani si tendo."

"Akipiga, hakupiga."

"Ndiyo."

"Akila, hakula."

"Ndiyo, Riziki. Polepole, unaning'oa ngozi."

"Na akisoma je?"

Ngwali aliinuka na gundi ya sikio moja.

Wiki hiyohiyo alikwenda Ofisi ya Vibali vya Burudani, mlango wa nyuma, akaeleza kwamba anaomba kibali cha mchezo mpya, wa asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, wakati ukumbi umelala. Ofisa alikuwa kijana mwenye ndewe zilizopakwa poda.

"Jina la mchezo?"

"Darasa la Tano."

"Waigizaji?"

"Watoto wa Kisondewe. Na mwalimu wao."

"Kinachochekesha ni nini?"

"Wanajifunza mgawanyo, bwana."

Ofisa alimtazama. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akaegemea ukuta akicheka bila sauti. Alikigonga kibali muhuri mara mbili, cha msimu mzima, na kuomba tiketi ya ndugu yake.

Bwana Sururu naye hakuwa mgumu. Asubuhi ukumbi haukumwingizia kitu, na Ngwali aliahidi kuufagia bure. Basi ubao ukapandishwa jukwaani, madawati yakapangwa mahali pa banda la kuku, na Mwalimu Hidaya akasimama mbele na chaki, masikio yamebandikwa gundi, nyuma yake watoto thelathini na gundi zao. Pazia likafunguka. Wandewe walikuwa wamejaa mpaka milangoni.

"Tano mara sita," Mwalimu Hidaya aliuliza.

"Thelathini," Mize alijibu.

Kicheko kilitikisa taa. Mama mmoja alimwambia jirani yake kwamba hajawahi kuona kitu kama hiki, kanavyojua kuigiza kadogo kale. Kila jibu sahihi lilipokewa kwa makofi na kushika mbavu. Katikati ya kelele hizo zote watoto walijifunza mgawanyo, na baada ya mgawanyo sehemu, na baada ya sehemu mito ya nchi yao wenyewe, ambayo watazamaji walipenda sana kuisikia ikitajwa kwa mpangilio.

Mheshimiwa Pwaguzi alikuja na ujumbe wa nchi za nje. Alipohojiwa alisema mchezo huu ni ushahidi wa uhuru wa sanaa, na kwamba Wasondewe ni watu wa furaha.

Lakini kicheko kinachoka. Kufikia mwezi wa tatu majibu sahihi yalikuwa yamezoeleka, na Bwana Sururu akaja nyuma ya pazia akijipepea kwa kofia.

"Wakosee kidogo," alisema. "Sisemi siku zote. Jibu la kwanza la ujinga, watu wacheke, halafu mwalimu asahihishe. Kila mtu anapata chake. Vinginevyo viti vitaanza kubaki, na mimi si taasisi ya hisani."

Ngwali alimtazama Mwalimu Hidaya, Mwalimu Hidaya akatazama chini. Watoto wangeendelea kusoma. Hilo ndilo lililokuwa la maana, walijiambia. Basi wakakubali, na Mize, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, akawa hodari wa majibu ya ujinga pia. Aliulizwa nusu ya nane, akajibu ni nane iliyolala. Ukumbi ulimpenda.

Jumapili moja shangazi yake Mize alikuja na wanawe kula chakula cha mchana. Riziki alimwambia Mize ahesabu watu, atoe sahani. Mize alizunguka chumba akinyoosha kidole.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne." Akanyamaza. Akakuna kichwa. "Nyingi."

Watoto wa shangazi walicheka. Ngwali hakucheka.

"Sahani ngapi, mwanangu?"

"Nyingi, baba."

"Mize. Ngapi?"

Alijua, ni wazi alijua. Lakini alikuwa amesimama na uso umeelekea upande, mabega yamelegea kidogo, na Ngwali aliujua mkao ule kwa sababu ulikuwa wake. Mtoto alikuwa anangoja kicheko kwanza ndipo ajibu. Bila kicheko hakujua jibu aanzie wapi. Ngwali alisikia uchungu wa kweli, uchungu wa mtu aliyemwona mwanawe akivaa nguo yake kuukuu na ikamkaa. Aliinuka akazitoa sahani mwenyewe.

*

Jumatatu, kabla ya pazia, aliwakusanya watoto.

"Kuanzia leo hakuna kukosea kwa makusudi," alisema. "Asiyejua, akosee kwa kutojua. Anayejua, ajibu."

"Na wasipocheka?" mtoto mmoja aliuliza.

"Wasicheke."

Siku hiyohiyo alimrudishia Bwana Sururu jukumu la Mzee Nyingi na kuchukua ufagio wake. Bwana Tamimu, ambaye masikio yalikuwa yamepona, alirudi kwa shangwe, na wengi walisema afadhali, maana yule mwingine alikuwa haonekani Msondewe kabisa.

Asubuhi zikabadilika. Watoto walijibu, wakajibu sawasawa, wakaenda kwenye swali jingine. Watazamaji walicheka mwanzoni kwa mazoea. Kisha ikawa mtu anacheka peke yake, anageuka kuangalia kama kuna mwenzake. Kisha likatokea jambo baya zaidi: baadhi yao walianza kukokotoa kimoyomoyo, na hakuna mtu mzima anayekata tiketi ili akokotoe. Mhakiki wa gazeti aliandika kwamba mchezo umepoteza uhai, kwamba watoto wale wameacha kufanana na Wasondewe, na kwamba yeye mwenyewe alitoka baada ya eneo la pembetatu akiwa na kichwa kinachomgonga. Safu za mbele zikapungua, zikafuata za kati. Asubuhi moja aliingia bwana mmoja tu, akalala, akaamka, akaondoka.

Bwana Sururu alivaa kofia akaenda Ofisi ya Vibali.

"Nataka mchezo ufutwe," alisema.

Kijana mwenye poda alifungua kitabu cha kanuni kwa heshima zote.

"Mchezo wenye kibali cha msimu hufutwa kwa malalamiko ya mtazamaji aliyeketi mpaka mwisho."

"Hakuna mtazamaji."

"Basi hakuna malalamiko."

"Mimi ninalalamika."

"Wewe ni mwenye ukumbi. Mwenye ukumbi si mtazamaji, kifungu cha kumi na moja. Na mwenye ukumbi akifunga mchezo wenye kibali, ananyang'anywa leseni ya michezo yote." Alifunga kitabu. "Asiyekuwapo na lake halipo, Bwana Sururu. Tungoje msimu uishe."

Bwana Sururu alisema mengi ambayo hayakuandikwa, akarudi kwake.

Kesho yake pazia lilifunguka kwa viti vitupu, mstari juu ya mstari. Ngwali alikuwa katikati ya safu na ufagio wake. Mwalimu Hidaya alisimama na chaki mkononi, akitazama ukumbi muda mrefu.

"Mwalimu," Mize alisema, "tuendelee kupaka gundi?"

"Ya nini? Nani anatazama?"

Riziki, aliyekuwa nyuma ya pazia, alileta kitambaa na kibakuli cha mafuta. Kikapita dawati kwa dawati, watoto wakifutana masikio, wengine wakilalamika kuvutwa. Mwalimu Hidaya alijifuta mwisho. Kisha akageukia ubao, akaandika hesabu ya sehemu, ngumu, ambayo hawajawahi kuiona, akamwita Mize.

Mize alishika chaki. Alifanya kwa makini, ulimi nje ya mdomo, akaandika jibu, akapiga mstari chini yake. Lilikuwa si sahihi. Aliligundua mwenyewe kabla Mwalimu hajasema, akageuka upesi kuelekea ukumbini, mabega yameshalegea, akingoja.

Hakuna aliyecheka. Baba yake alikuwa ameacha kufagia.

"Rudia," Mwalimu Hidaya alisema.

Mize aliufuta ubao kwa kiganja, akaanza upya.